Doki Nyepesi kwenye Linux: Namna ya Kuichagua na Kuisakinisha

Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamezihamishia kwenye Linux kompyuta ambazo bado ni nzima lakini zina umri: mashine zenye RAM ya gigabaiti 4, kichakataji cha miaka kumi iliyopita na diski ngumu ya kuzunguka. Mara baada ya mfumo kuwaka, swali moja hujitokeza mapema, nalo ni la doki, yaani ule mstari wa ikoni unaokaa chini au pembeni mwa skrini, ambao kwa mbofyo mmoja hufungua programu, huonyesha zipi ziko wazi na humrudisha mtumiaji kwenye dirisha aliloliacha. Anayeuliza hutajiwa majina mengi kwa mpigo, Plank, Cairo-Dock, Latte, tint2, Dash to Dock, na sehemu kubwa ya majibu hayo humfaa mtu mwingine, si yeye.

Sababu ni kwamba doki katika Linux si programu ya kujitegemea kama kilivyo kikokotoo. Imeshikamana na tabaka mbili zilizo chini yake, yaani mfumo wa kuonyesha picha na mazingira ya eneo-kazi (sura nzima ya kazi anayoiona mtumiaji, kama vile GNOME, KDE Plasma au Xfce), na tabaka hizo ndizo zinazoamua ipi itafanya kazi na ipi itakuwa nyepesi kweli. Kwa hiyo uchaguzi wa maana huanzia chini ukapanda juu.

Tuanze na mfumo wa kuonyesha picha. Kwa muda mrefu Linux ilitegemea X11, iliyotolewa mwaka 1987, na katika X11 programu yoyote inaweza kuiuliza seva ya picha ni madirisha gani yaliyo wazi, yako wapi na ni ya programu gani. Doki zilijengwa juu ya uhuru huo. Doki hujitangaza kuwa dirisha la aina yake, hujiweka ukingoni mwa skrini kwa vipimo inavyovitaka na, ikihitajika, hutenga ukanda wake ili dirisha linalopanuliwa lisiufunike. Kanuni za mazungumzo kati ya doki na kisimamizi cha madirisha ziliandikwa na kukubaliwa na pande nyingi, na ndiyo maana doki moja ya X11 inaweza kutumika kwenye Xfce, MATE, Cinnamon au Openbox bila kubadilishwa.

Wayland, mrithi wa X11 iliyoanzishwa mwaka 2008, iliufunga mlango huo kwa makusudi, na kwa sababu nzuri. Uhuru uleule unaoiwezesha doki kuyaona madirisha ya wengine huiwezesha pia programu yenye nia mbaya kunasa herufi unazoandika katika dirisha jingine, nywila zikiwemo. Katika Wayland kila programu hujua madirisha yake tu, wala haiwezi kujichagulia mahali pa kukaa kwenye skrini. Kazi ya kuyapanga madirisha yote na kuyaunganisha kuwa picha moja imekabidhiwa programu moja, kompozita. Doki ikitaka kukaa ukingoni na kujua nini kiko wazi, lazima kompozita iipe ruhusa hiyo kupitia itifaki maalumu. Itifaki ya kukaa ukingoni iitwayo layer-shell inakubaliwa na kompozita kama Sway, labwc, Wayfire, Hyprland na hata ile ya KDE Plasma, lakini GNOME haikuipokea. Kwa orodha ya madirisha, KDE Plasma ina itifaki yake yenyewe, na kundi la Sway lina yake. Matokeo yake ni kwamba hakuna doki moja ya Wayland inayofaa kila mahali kama ilivyokuwa katika X11, na mtu anayefuata mwongozo wa mwaka 2015 akiwa kwenye Ubuntu ya leo atahangaika bure.

Kujua uko upande gani ni kazi ya sekunde chache. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu litakuwa x11 au wayland. Ubuntu yenye GNOME imeifanya Wayland kuwa chaguo la msingi tangu toleo la 21.04, na toleo la 25.10 limeondoa kabisa kikao cha GNOME cha X11. Upande wa pili, mazingira mepesi ambayo watu huyaweka kwenye kompyuta za zamani, kama vile Xfce na MATE, kwa kawaida bado huendeshwa kwa X11. Ndivyo ilivyo pia kwa Cinnamon ya Linux Mint, ingawa ina kikao cha Wayland cha majaribio. Kwa mwenye mashine dhaifu hii ni bahati, kwa kuwa doki nyingi nyepesi ziliandikwa kwa ajili ya X11.

Sasa tufike kwenye uzito wenyewe, kwa sababu neno "nyepesi" hutumiwa ovyo. Wengi hufungua orodha ya michakato, wakaona doki inatumia megabaiti kadhaa, wakalinganisha namba hiyo na ya doki nyingine na kutoa hukumu. Tatizo ni kwamba namba inayoonyeshwa mara nyingi huhesabu pia maktaba, yaani vipande vya msimbo wa pamoja, ambazo programu nyingine zinazitumia kwa pamoja na ambazo tayari zilikuwa kwenye kumbukumbu. Plank, kwa mfano, imejengwa kwa maktaba ya GTK 3. Kwenye Xfce, ambayo nayo inaitumia GTK 3, sehemu kubwa ya kinachohesabiwa kwa jina la Plank imekwisha kupakiwa na paneli (mstari wa menyu na madirisha unaokuja na mazingira yenyewe), kidhibiti faili na programu nyinginezo. Ukiichukua doki iliyojengwa kwa maktaba za Qt na za KDE ukaiweka kwenye Xfce hiyohiyo, unaingiza familia nzima ya maktaba ambayo hakuna mwingine anayeitumia, na gharama yake yote inaiangukia doki hiyo peke yake. Doki ileile ikiwa ndani ya KDE Plasma ingekuwa nyepesi. Anayetaka kipimo cha haki atumie programu ya smem, ambayo katika safu yake ya PSS huugawa uzito wa maktaba za pamoja kwa wote wanaozitumia:

smem -P plank

Kuna dalili nyingine inayopatikana hata kabla ya kusakinisha. Unapoiagiza apt, kisakinishi cha programu cha Debian na Ubuntu, ilete kifurushi, hukuonyesha kwanza orodha ya vyote vitakavyoandamana nacho pamoja na nafasi ya diski itakayotumika, kisha husubiri uthibitishe. Orodha hiyo isomwe kwa makini. Ikiwa ombi la doki moja linaleta vifurushi themanini, hicho si kitu chepesi kwa mazingira uliyo nayo, hata kama sifa zake ni nzuri namna gani.

Zaidi ya kumbukumbu kuna kichakataji, na hapa kipimo changu ni kimoja: doki isiyoguswa inapaswa kulala usingizi kabisa. Ikoni zinazocheza, saa inayoonyesha sekunde na kijigrafu cha matumizi ya kichakataji huiamsha mashine tena na tena, na kwenye kompyuta mpakato betri ndiyo inayolipa. Cairo-Dock ni mfano wa kuangaliwa kwa uangalifu. Ni doki yenye uwezo mkubwa na mapambo mengi, na inaweza kuchora kwa OpenGL, jambo linaloifaa kompyuta yenye kadi ya picha nzuri. Kwenye kadi dhaifu, iendeshwe bila OpenGL kwa amri ya cairo-dock -c, na vikorombwezo vyake vizimwe. Hata hivyo, mtu anayeanza kwa kuzima nusu ya programu huenda alihitaji programu nyingine.

Historia ya Plank yenyewe inalifafanua jambo hili. Kabla yake kulikuwa na Docky, iliyozaliwa ndani ya programu ya GNOME Do na kuandikwa kwa lugha ya C# juu ya jukwaa la Mono, kwa hiyo kila aliyeisakinisha alilazimika kubeba Mono nzima kwa ajili ya mstari wa ikoni. Waandishi walewale wakaanza upya kwa lugha ya Vala, ambayo hugeuzwa kuwa C kabla ya kukusanywa, wakaacha mambo mengi nje kwa makusudi. Wepesi wa Plank ulitokana na uamuzi huo.

Kabla ya kusakinisha chochote, lakini, itazame paneli uliyo nayo. Hilo ndilo shauri ninalolisisitiza kuliko yote katika makala haya, kwa kuwa doki nyepesi kuliko zote ni ile ambayo programu yake tayari inaendeshwa. Kwenye Xfce, bofya kitufe cha kulia juu ya paneli, ingia kwenye mapendeleo yake, ongeza paneli mpya na uiburute hadi katikati ya ukingo wa chini. Punguza urefu wake hadi mwisho, kisha weka alama kwenye chaguo linaloruhusu urefu ujiongeze wenyewe kadiri vitu vinavyoongezwa. Ongeza kimo cha mstari hadi pikseli 48 hivi, na katika kujificha chagua "Intelligently", ili paneli ijitoe pale tu dirisha linapoifikia. Halafu ongeza vizinduzi vya programu unazozitumia kila siku. Upungufu wake ni mmoja: kizinduzi cha kawaida hakionyeshi kama programu iko wazi. Pengo hilo huzibwa na kiendelezi kiitwacho docklike, kinachopatikana kwenye hazina (maghala rasmi ya programu) za Debian na Ubuntu za karibuni kwa jina la xfce4-docklike-plugin. Kikishawekwa ndani ya paneli, kizinduzi na dirisha lililo wazi huwa ikoni moja, kama ilivyo kwenye doki kamili, na hakuna haja ya kuendesha programu nyingine kando ya paneli.

Kwenye KDE Plasma 6 hali ni rahisi zaidi. Katika mipangilio ya paneli, chagua upana unaolingana na vilivyomo na mwonekano wa "Dodge Windows"; orodha ya programu ya msingi tayari ni ya ikoni pekee, kwa hiyo matokeo ni doki kamili ndani ya dakika mbili. Latte Dock, iliyopendwa sana na watumiaji wa Plasma 5, haina sababu ya kutafutwa tena: msanidi wake mkuu alitangaza mwaka 2022 kwamba anaiacha, na Plasma 6 ilitoka Februari 2024 bila Latte kuhamishiwa humo rasmi.

Kwenye GNOME, doki yoyote ya maana ni kiendelezi cha GNOME chenyewe, kwa sababu ya ukuta wa Wayland tulioueleza. Ubuntu huja na Ubuntu Dock tangu toleo la 17.10, ambayo ni tawi la Dash to Dock, na ukubwa wa ikoni, mahali inapokaa na kujificha kwake hubadilishwa ndani ya Mipangilio bila kusakinisha kitu. Kwenye Fedora, kiendelezi cha Dash to Dock huletwa kwa sudo dnf install gnome-shell-extension-dash-to-dock, kisha mtumiaji hutoka kwenye kikao na kuingia tena ndipo akiwashe. Ijulikane tu kwamba GNOME hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kiendelezi kinaweza kukataa kuwaka hadi kisasishwe.

Baada ya hayo yote, ikiwa uko kwenye X11 na paneli haikukuridhisha, Plank bado ni chaguo la heshima. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, pale kifurushi kinapopatikana kwenye hazina, kazi huwa ni mistari miwili:

sudo apt update
sudo apt install plank

Ukiifungua kutoka kwenye menyu, ikoni chache hujitokeza chini ya skrini na hakuna kitufe chochote cha mipangilio kinachoonekana. Watu hukwama hapo. Shikilia kitufe cha Ctrl, kisha bofya kulia juu ya doki, na mapendeleo yatatokea; la sivyo andika plank --preferences kwenye terminali. Humo utachagua sura, ukubwa wa ikoni, mahali pa kukaa na namna ya kujificha. Kati ya namna za kujificha, ile ya "Intelligent Hide" huifaa skrini ndogo ya kompyuta mpakato, kwa kuwa doki huondoka pale tu dirisha la programu unayoitumia linapoigusa. Ukuzaji wa ikoni zinapopitiwa na kipanya uachwe umezimwa kwenye kadi ya picha ya zamani. Kuongeza programu, ifungue, bofya kulia ikoni yake kwenye doki na uchague ibaki; kuiondoa, iburute nje ya doki na kuiachia.

Kwenye Xfce kuna kero moja ambayo humfanya mgeni aamini kwamba Plank ni mbovu: mstari mwembamba wa kivuli unaokatiza skrini kutoka upande mmoja hadi mwingine, juu kidogo ya doki, hata doki yenyewe ikiwa imejificha. Kivuli hicho hakichorwi na Plank. Dirisha la doki ni pana kuliko ikoni zinazoonekana, sehemu kubwa yake ikiwa angavu, yaani inayopitisha picha iliyo nyuma yake, na kompozita ya Xfce, ambayo katika X11 ni sehemu ya kisimamizi cha madirisha inayoweza kuzimwa, hulitilia dirisha hilo lote kivuli kama inavyofanya kwa madirisha mengine. Nenda kwenye mipangilio ya ziada ya kisimamizi cha madirisha, "Window Manager Tweaks", kwenye ukurasa wa kompozita, uondoe alama kwenye "Show shadows under dock windows". Mstari hutoweka papo hapo. Ukurasa huohuo ndio wa kuangaliwa ikiwa doki imezungukwa na kisanduku cheusi: maana yake kompozita imezimwa, na bila kompozita hakuna uangavu.

Ili Plank iwake kila unapoingia, fungua "Session and Startup", kwenye sehemu ya programu zinazojianzisha, ongeza ingizo jipya lenye amri ya plank. Kinachoundwa ni faili dogo la maandishi ndani ya ~/.config/autostart, nalo linaweza kunakiliwa kwenye kompyuta nyingine. Ikoni zilizobandikwa nazo ni mafaili ya maandishi, yaliyo ndani ya ~/.config/plank/dock1/launchers, kila moja likiwa na mstari unaoelekeza kwenye faili la .desktop la programu husika, yaani faili linaloutambulisha mfumo jina, ikoni na amri ya programu hiyo.

Faili hilo la .desktop linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo chanzo cha lalamiko linalosikika kwa kila doki: umebandika programu, unaibofya, na badala ya ikoni yake kupata alama ya kuwa wazi, ikoni ya pili inatokea pembeni, pengine isiyo na picha. Doki inapoona dirisha jipya haijui kwa uhakika limetoka kwa kizinduzi kipi. Hulinganisha jina ambalo dirisha limejipa na maelezo yaliyo ndani ya mafaili ya .desktop. Majina yasipokutana, doki hulihesabu dirisha kuwa la mgeni. Hutokea hasa kwa programu zilizopakuliwa nje ya hazina, kama zile za AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) na zile zilizoandikwa kwa Java. Dawa yake ni kumwuliza mwenye dirisha. Andika kwenye terminali:

xprop WM_CLASS

Kielekezi hugeuka alama ya msalaba. Bofya nacho dirisha lenye matatizo, na utajibiwa kwa majina mawili yaliyo ndani ya alama za nukuu. Chukua la pili. Nakili faili la .desktop la programu hiyo kutoka /usr/share/applications kwenda ~/.local/share/applications, ili masasisho yasije yakafuta kazi yako, kisha ongeza ndani yake mstari wa StartupWMClass= ukifuatiwa na jina ulilolipata, herufi kubwa na ndogo zikiwa vilevile. Kama programu haikuwa na faili hilo kabisa, ambalo ni jambo la kawaida kwa AppImage, utaliandika mwenyewe. Ondoa ikoni ya zamani kwenye doki, fungua programu na uibandike upya. Katika Wayland xprop haiyaoni madirisha ya Wayland yenyewe, na kinacholinganishwa ni kitambulisho cha programu, ambacho kwa kawaida hupaswa kufanana na jina la faili la .desktop.

Jambo moja lisifichwe kuhusu Plank: toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2019, na haikuandikwa kwa ajili ya Wayland. Hata elementary OS, iliyokuwa nyumba yake kwa miaka mingi, iliiacha katika toleo la 8 la mwaka 2024 na kuandika doki mpya. Anayekaa kwenye X11 hana sababu ya kuikimbia, kwani programu iliyokamilika inaweza kudumu miaka bila marekebisho, lakini anayepanga kuhamia Wayland asiijenge kazi yake yote juu yake.

Kwa mashine dhaifu zaidi, zile za gigabaiti 1 au 2 zinazoendeshwa kwa Openbox bila mazingira kamili, ningechagua tint2. Imeandikwa kwa C, haihitaji kompozita ili ionekane vizuri, na mipangilio yake yote iko kwenye faili moja, ~/.config/tint2/tint2rc. Kwa asili ni paneli, lakini mistari michache huigeuza doki: panel_items = LT huiambia ionyeshe vizinduzi na madirisha, panel_shrink = 1 huifanya ijikunje kulingana na vilivyomo, autohide = 1 huificha, na kila programu huongezwa kwa mstari wa launcher_item_app unaofuatiwa na njia ya faili lake la .desktop. Asiyependa kuhariri faili ana programu ya tint2conf inayofanya hayo kwa vitufe.

Walio kwenye Sway wana nwg-dock, na walio kwenye Hyprland wana nwg-dock-hyprland. Zote mbili huanzishwa kwa mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio la kompozita husika.

Ukijaribu Plank na kuona haikufai, sudo apt purge plank huondoa programu lakini haigusi chochote ndani ya folda yako ya nyumbani. Futa mwenyewe folda ya ~/.config/plank pamoja na faili la kujianzisha, kisha rudisha mapendeleo yake kwenye hali ya mwanzo kwa dconf reset -f /net/launchpad/plank/. Maktaba zilizokuja nayo na zisizotumiwa na mwingine huondolewa kwa sudo apt autoremove, nayo pia hukuonyesha orodha kabla ya kuthibitisha.